Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo: Fungueni madarasa wakati wa likizo ndefu

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Wajumbe wa Seneti,
na Wakuu wa Idara zote.

YAH: MASOMO YA LIKIZO NDEFU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba radhi kwamba barua hii mnaisoma pamoja na kila mtu. Haikuwa nia yangu. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono ofisi ya msajili, ikagongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA" na nikarudishiwa nakala yangu. Ya pili nayo ikagongwa. Ya tatu, karani alinitambua kabla sijafika dirishani. Akagonga muhuri bila kuinua macho, akaniambia kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, hizi tunaziweka kwenye faili." Nimekaa mihula miwili nikisubiri faili lijibu. Serikali ya wanafunzi ilipouliza kikaoni, ikaambiwa suala "linafanyiwa kazi". Basi nimeona niliseme hadharani, kwa heshima ileile iliyokuwamo kwenye zile barua tatu.

Ninachoomba ni chuo kifundishe masomo machache wakati wa likizo ndefu. Jambo lenyewe si geni. Harvard wana masomo ya kiangazi tangu 1871. Yanaitwa ya kiangazi kwa sababu kaskazini mwa dunia likizo ndefu huangukia Juni hadi Agosti; Australia na New Zealand, ambako kiangazi ni mwanzoni mwa mwaka, vyuo huyafundisha Januari na Februari. Jina lisitusumbue. Chuoni kwetu likizo ndefu ni wiki 14 za milango iliyofungwa, na malalamiko yangu yanaanzia kwenye milango hiyo.

1. Somo moja linakula mwaka mzima

Muhula wa pili wa mwaka wa kwanza nilianguka Kalkulasi ya Pili. Sitafuti wa kumlaumu. Sura ya mfululizo usio na mwisho ilinipita, nikajifanya nimeelewa, mtihani ukanikamata. Nikapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, nikaikosa kwa alama 3. Hapo ndipo nilipoifungua prospektasi, kile kitabu cha masomo na kanuni za chuo, na kuisoma kama mtu anayesoma mkataba baada ya kuusaini.

Kalkulasi ya Pili hufundishwa muhula wa pili tu. Bila hiyo huruhusiwi kuchukua somo la milinganyo, ambalo hufundishwa muhula wa kwanza wa mwaka wa pili. Bila milinganyo, mekanika ya vimiminika huigusi. Bila mekanika ya vimiminika, mradi wa mwisho unausikia kwa wenzako. Kwa hiyo somo la saa 45 za darasani limesogeza mahafali yangu kwa miezi 12. Nilioingia nao wamemaliza mwaka wa tatu. Mimi kwenye mfumo wenu bado nasomeka "mwaka wa pili".

Muhula uliofuata niliruhusiwa masomo mawili kati ya matano. Ada nililipa ya muhula mzima, na kitanda nililipia. Nikawa mtu wa kushinda kwenye ngazi za jengo la uhandisi, daftari mapajani, nikiwasubiri wenzangu watoke kwenye kipindi ambacho mlango wake ulikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa. Kuna siku mhadhiri alitoka, akanikuta pale, akauliza kama nimechelewa. Sikujua nimjibu vipi. Nilikuwa nimechelewa, ndiyo, lakini kwa mwaka.

Sasa tazameni kalenda yenu wenyewe. Matokeo hutoka wiki ya 3 ya likizo. Somo lingeanza wiki ya 5, likafundishwa wiki sita, mtihani ukafanyika wiki ya 11, na bado zingebaki wiki tatu za kusahihisha na kumpumzisha kila mtu. Ningeanza mwaka wa pili na wenzangu, na hakuna ambaye angejua nilianguka. Muda wa kuniokoa ulikuwapo. Uliwekwa kufuli.

2. Sapu si somo

Mtasema sapu ipo. Ipo, na inamfaa mtu aliyeugua siku ya mtihani, au aliyechanganya kurasa, au aliyefiwa. Huyo analijua somo. Alichokosa ni siku nzuri. Lakini asiyeelewa sapu inampa mtihani wa pili bila kumpa mwalimu. Nilijiandaa peke yangu chumbani na makaratasi yaleyale ambayo hayakunieleweka mara ya kwanza, na ajabu ingekuwa yameamua kunieleweka mara ya pili. Hakuna aliyenisahihishia zoezi hata moja. Nilipokwenda kugonga kwenye ofisi za idara, nilikuta karatasi mlangoni: "Nipo likizo."

Tena alama ya sapu haivuki C, hata ujibu kila swali bila kosa. Anayelisoma somo upya lote, akafanya kazi zote na majaribio yote pamoja na mtihani, amelisoma kama mwingine yeyote na alama yake ingestahili kuandikwa ilivyo.

3. Wiki 14 zinafuta

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima kumbukumbu mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akapima amesahau kiasi gani baada ya dakika, saa na siku. (Wapo watakaosema silabi zisizo na maana hazina tofauti kubwa na baadhi ya mihadhara ya Jumatatu asubuhi. Mimi simo.) Aliona kwamba usahaulifu huenda kasi sana mwanzoni, halafu hupunguza mwendo, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana ndiko kunakolifanya jambo likae. Najua kalkulasi ina maana kuliko silabi zake, na chenye maana hudumu zaidi kichwani. Lakini hakidumu bila kuguswa.

Hili mnaliona wenyewe kila muhula unapofunguliwa. Mhadhiri wetu mmoja, mtu makini, huingia siku ya kwanza, anafuta ubao, anaandika "Tulipoishia". Anageuka, anatazama nyuso zetu, anageukia ubao na kulifuta tena neno lile. Wiki mbili zinazofuata ni za kurudia. Mwanafunzi aliyepitia somo moja katikati ya likizo anaingia muhula mpya akiwa bado na moto.

4. Wanaoyahitaji si walioanguka peke yao

Hapa naomba msome taratibu, maana nahisi ndipo tunapopishana. Masomo ya likizo yakianzishwa kama "darasa la waliofeli" yatakufa ndani ya mwaka mmoja, na mtasema wanafunzi hawakuyataka.

Kuna mwenzetu ana mtoto mdogo. Kila muhula anabeba masomo matano kwa sababu ndiyo kanuni, na nimemwona akisoma kwenye korido saa za jioni, mtoto begani amelala, simu yenye maandishi ya mhadhara ameishika mbali kidogo ili mwanga usimwamshe. Angeruhusiwa masomo manne katika muhula mmoja na la tano likizo, angemaliza siku ileile na wenzake. Leo hii ana njia mbili: abebe matano, au aahirishe mwaka.

Wapo waliobadili programu baada ya mwaka wa kwanza, wenye masomo mawili ya msingi ambayo wenzao wapya walishayamaliza. Wapo wanaofanya kazi muhula mzima. Yupo mwanafunzi wa sheria anayetaka kujifunza takwimu, na wa kemia anayetaka lugha ya kigeni, ambao ratiba haijawahi kuwapa nafasi. Wapo pia wenye haraka tu, wanaotaka kumaliza mapema wakaanze maisha. Sioni kwa nini haraka yao iwe kosa.

Halafu kuna faida ambayo ratiba ya kawaida haiwezi kuitoa kamwe. Katika muhula akili hugawanywa vipande vitano. Ndiyo kwanza unaanza kushika jambo, kengele inalia, unakimbilia jengo jingine kushika jambo jingine, na swali ulilobaki nalo linasubiri hadi Jumanne ijayo, likishapoa. Ukiwa na somo moja, kila siku, swali la leo linajibiwa kesho asubuhi. Kwa lugha na kwa kuandika programu za kompyuta hii ni tofauti kubwa, kwa sababu vitu hivyo huingia mwilini kwa kuvigusa kila siku. Na darasa likiwa dogo, mhadhiri anakujua jina. Mimi, katika miaka mitatu hapa, ni wawili tu wanaolijua langu.

5. Majengo yamelala

Chuo Kikuu cha Chicago kilipofungua milango 1892, rais wake wa kwanza William Rainey Harper aliugawa mwaka katika mihula minne, na wa kiangazi akauhesabu muhula kamili kama mingine. Dartmouth, chuo kingine cha Marekani, nao, mwaka 1972, walipoanza kuwapokea wanawake na wakahitaji nafasi kwa ajili ya watu zaidi, walipanga upya kalenda yao ili chuo kitumike mwaka mzima. Hadi leo wanafunzi wao hubaki kusoma kiangazi kinachofuata mwaka wao wa pili. Waliona kalenda pia ni jengo.

Sisi kila mwaka tunaambiwa kumbi hazitoshi. Wiki iliyopita nilichungulia kioo cha mlango wa Ukumbi Namba 2. Viti vimepinduliwa juu ya meza. Saa ya ukutani inatembea. Ubaoni bado pameandikwa "Simu zote zizimwe".

Majibu ninayoyatarajia

Nimeshayasikia mengi korido kwa korido, hivyo niyapokee kabla hayajatumwa.

"Wahadhiri wanahitaji likizo kwa ajili ya utafiti." Ni kweli, na asilazimishwe mtu. Waulizwe wanaotaka. Anayefundisha likizo alipwe kwa saa zake, au apunguziwe kipindi muhula unaofuata. Wapo pia wahadhiri wasaidizi na wanafunzi wa uzamivu wanaotafuta uzoefu wa kushika darasa lao wenyewe.

"Wiki sita hazitoshi, ubora utashuka." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na sitaikwepa. Somo la kawaida ni saa 3 kwa wiki kwa wiki 15, yaani saa 45. Kwa wiki sita, hizo 45 zinakuwa saa 7 na nusu kwa wiki. Mkishika kanuni inayotumika sana vyuoni, kwamba kila saa ya darasani inadai saa mbili za kujisomea, mwanafunzi anahitaji saa nyingine 15. Jumla ni saa 22 na nusu kwa wiki kwa somo moja. Inawezekana bila kuumia. Masomo mawili ni saa 45, yaani kazi ya kutwa, na anayeichukua aijue hivyo. Matatu ni kujidanganya, na chuo kitakachoruhusu matatu kitakuwa kinauza vyeti. Kwa hiyo wekeni kikomo: somo moja kwa kawaida, mawili kwa ruhusa ya mshauri wa masomo.

Na nikiri zaidi ya hapo. Yapo masomo ambayo wiki sita haziyafai. Jaribio la maabara linalosubiri mimea iote haliharakishwi kwa kalenda. Kozi inayodai vitabu vinene kumi na insha inayoandikwa ikarudiwa na kurudiwa inahitaji muda wa mawazo kulala na kuamka. Hizo ziacheni muhulani. Kalkulasi, takwimu, uandishi wa kitaaluma, lugha za mwanzo, utangulizi wa programu, haya yanafundishika, tena vizuri.

"Hakuna fedha." Mwanafunzi alipie somo analolisoma, kwa kiwango cha somo moja, na darasa lisilofikisha idadi litangazwe mapema kwamba halitafunguliwa. Ila hapa nina hofu yangu. Yakiachiwa wenye uwezo peke yao, masomo ya likizo yatakuwa njia ya mkato ya matajiri. Marekani walipita huko: ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, inayoitwa Pell, iliruhusiwa kugharamia masomo ya ziada ya kiangazi kuanzia mwaka wa masomo 2009/2010, ikafutwa 2011, ikarudishwa 2017 baada ya kuonekana kwamba mlango ulio wazi bila nauli ya kuufikia haumsaidii asiye nacho. Tusisubiri miaka sita kujifunza jambo hilohilo. Msaada anaopewa mwanafunzi muhulani umfuate likizo.

"Wanafunzi watachoka." Ni hiari. Likizo naipenda kuliko ninyi mnavyodhani, na anayetaka kwenda kulala akalale. Mwenye kuchoka zaidi ni yule anayekaa mwaka mzima kwenye ngazi.

"Majengo hufanyiwa ukarabati." Masomo manne yanahitaji vyumba vinne.

Ninachoomba

(a) Kabla kalenda ya mwaka ujao haijachapishwa, ofisi ya msajili itangaze idadi ya wanafunzi waliocheleweshwa mwaka kwa sababu ya somo moja au mawili, na masomo hayo ni yapi. Majina hayahitajiki. Takwimu hizo zimo kwenye mfumo wenu. Kuzitoa ni kazi ya siku moja.

(b) Likizo ndefu ijayo yafunguliwe kwa majaribio masomo manne yanayoongoza katika orodha hiyo, na yawe wazi kwa yeyote aliyetimiza masharti ya kuyasoma, aliyeanguka na asiyeanguka.

(c) Alama za masomo hayo zihesabiwe kamili, bila kikomo cha sapu.

(d) Kama (b) haliwezekani, basi tusifungiwe ndani. Iwepo kanuni iliyoandikwa inayomruhusu mwanafunzi kusoma somo linalolingana katika chuo kingine kinachofundisha wakati wa likizo, na alama zikatambuliwa hapa. Idara ipitie muhtasari wa somo hilo kabla hajaenda na itoe jibu ndani ya wiki mbili. Kwa sasa kila anayeomba anaambiwa "tutaangalia ukirudi", na hakuna mwenye akili zake atakayelipa ada kwa kuangaliwa akirudi. Hili halina gharama kwenu hata kidogo, na kama ningelazimika kuchagua moja tu kati ya haya yote, ningechagua hili.

(e) Nijibiwe kwa maandishi. Hata kama jibu ni hapana, liwe na sababu, ili anayekuja baada yangu asianze upya na barua ya kwanza.

Mimi binafsi hayatanifaa tena. Kalkulasi ya Pili niliirudia muhulani, nikapata B, na mwaka nilioupoteza haurudi. Naandika kwa sababu matokeo ya mwaka wa kwanza yalitoka juzi. Nilipita ubao wa matangazo nikamkuta kijana mmoja amesimama, kidole kimegota kwenye mstari mmoja wa orodha, anausoma kana kwamba utabadilika. Sikumwuliza ni somo gani. Nilimwonyesha tu ukurasa wa prospektasi anaopaswa kuusoma, nikamwacha.

Nakala za barua zangu tatu, zenye mihuri yenu, nimeziambatanisha. Ofisi zikifungwa Ijumaa hii, mimi nitakuwa maktaba, ghorofa ya chini, chumba cha magazeti, ambacho ndicho pekee kinachobaki wazi hadi muhula ujao.

Wenu mtiifu,

Mwanafunzi wa Uhandisi,
mwaka wa pili kwa mujibu wa mfumo, wa tatu kwa mujibu wa kalenda.